Wingu la ukumbini: hewa usiyoiona ndiyo ya kuogopa

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Jumamosi moja jioni nilialikwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani yangu. Ukumbi ulipambwa ukapambika, chakula kilikuwa cha kutosha, na mshereheshaji alikuwa na maneno mengi kama ilivyo kawaida yao. Ilipokaribia saa nne usiku taa zikapunguzwa, muziki wa taratibu ukaanza, na maharusi wakaitwa katikati ya ukumbi kufungua dansi. Mara, kutoka pembeni, likatokea wingu jeupe. Halikupanda juu kama moshi wa kuni. Lilitambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika, likawafunika maharusi miguu hadi magotini, ikawa kama kwamba wanacheza angani. Wageni tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na wapiga picha wakasukumana.

Sasa watoto mnawajua. Hawakungoja kualikwa. Waliacha viti vyao wakakimbilia lile wingu na kuanza kucheza kombolela humo humo. Mmoja anapiga magoti, mwingine analala kifudifudi asionekane, mwingine anachota wingu kwa viganja na kumrushia mwenzake. Sisi wakubwa tukacheka. Nani asiyefurahi kuona watoto wakifurahi?

Baada ya dakika chache mama mmoja akaanza kumtafuta mwanawe, mtoto wa miaka kama minne. Alimkuta kando ya jukwaa, mahali wingu lilipokuwa zito zaidi. Mtoto alikuwa amekaa chini, amelegea, macho mazito, anahema haraka haraka kama aliyekimbizwa. Mama akamnyanyua akamtoa nje barazani. Mtoto akatapika, akalia, na baada ya kitambo akapata nafuu. Watu wakatoa maelezo yao. Huyu akasema ni usingizi, yule akasema ni keki, wa tatu akasema ni joto la watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyesema ni lile wingu.

Nami nikamwendea kijana aliyekuwa akiendesha mtambo. Alikuwa kijana mwenye adabu zake. Nikamwuliza, "Mwanangu, hiki unachokitia kwenye pipa ni kitu gani?" Akajibu, "Ni barafu tu, mzee." Nikauliza, "Na huu moshi haumdhuru mtu?" Akacheka kidogo, akasema, "Hauna neno, mzee. Huu ni mvuke wa maji."

Ndugu wasikilizaji, kijana yule hakunidanganya. Alinieleza nusu ya kweli. Na ile nusu aliyoiacha, kwa kuwa naye hakuwahi kuelezwa na mtu, ndiyo iliyonifanya nije mbele yenu leo.

Kitu kile huitwa barafu kavu. Kwa macho kinafanana na barafu tunayoijua, lakini ndani yake hamna hata tone la maji. Ni hewa ya ukaa iliyogandishwa. Hewa ya ukaa ndiyo tunayoitoa mapafuni kila tunapopumua, na ndiyo inayofanya soda itoe mapovu. Hapa kwetu Tanzania huvunwa kutoka ardhini huko Rungwe, mkoani Mbeya, na wenzetu wa Kenya wanayo yao huko Kiambu. Hewa hii ikishindiliwa na kupoozwa sana hugeuka kuwa kitu kigumu, cheupe, chenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Mfaransa mmoja, Thilorier, ndiye aliyetoa taarifa ya kwanza ya kuiona ikiganda hivyo, mwaka 1835. Jina la "kavu" imelipata kwa sababu ikipata joto haiyeyuki ikawa majimaji. Inatoka kwenye ugumu na kuwa hewa moja kwa moja, wala hailowanishi meza.

Sasa mafundi wa majukwaa hufanya nini? Wanachukua pipa la maji ya moto, wanatumbukiza vipande vya barafu kavu, na papo hapo maji yanatokota kwa kishindo. Baridi ile kali inaugandamiza mvuke wa maji ukawa vitone vidogo vidogo mno, kama ukungu wa asubuhi milimani. Ukungu huo ndio lile wingu jeupe. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa sahihi. Kile unachokiona ni maji, na maji hayo hayana ubaya wowote.

Lakini ukungu ule hausafiri peke yake. Unachukuliwa na hewa ya ukaa inayotoka kwenye barafu, na hewa hiyo haina rangi wala harufu ya kukushtua. Wingu jeupe likishatoweka, nawe ukadhani mambo yamekwisha, hewa ile bado ipo pale pale sakafuni. Macho yanakwambia kuweupe, kumbe hatari haijaondoka.

Na kwa nini ibaki sakafuni? Kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu hivi, na ikiwa ya baridi huwa nzito zaidi. Kwa hiyo inatiririka kama maji. Inashuka ngazi, inaingia mashimoni, inajaa chini ya jukwaa, inatulia kwenye kona isiyo na upepo. Karibu na mji wa Naples, Italia, kuna pango dogo ambalo tangu zamani huitwa Pango la Mbwa. Hewa ya ukaa hutoka ardhini na kulala sakafuni mwa pango hilo. Wenyeji wa enzi zile walikuwa wakiwaonyesha wageni ajabu yake: mtu aliyesimama alipumua vizuri, lakini mbwa aliyekuwa pembeni yake alizirai. Wote wawili walikuwa katika pango lile lile na kwa wakati ule ule. Kilichowatofautisha kilikuwa ni kimo.

Wala hatuna haja ya kwenda Italia kujifunza. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma na kando ya Ziwa Kivu, huko Kongo, wanalo neno lao: mazuku. Ni jina la mashimo na mabonde madogo yenye hewa ya ukaa itokayo ardhini, ambamo mbuzi huingia asitoke, na mtu pia. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo la Kiswahili na kulitumia katika maandishi yao. Na huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa hewa ya ukaa kwa mkupuo mmoja. Hewa ile ikatiririka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao maelfu. Wengi walikufa wakiwa wamelala.

Msikilizaji mmoja atasema, "Bwana, wewe unatuletea habari za maziwa na volkano, sisi tunazungumzia pipa moja la harusi." Haya, tufanye hesabu ya pipa moja.

Kilo moja ya barafu kavu ikigeuka hewa hutoa zaidi ya lita 500. Tuseme fundi ametumia kilo 10 kwa dansi moja. Hizo ni zaidi ya lita 5,000, yaani mita za ujazo tano. Tuchukue ukumbi wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita nne. Huo una mita za ujazo 800. Hewa ile ikichanganyika sawasawa ukumbi mzima, itakuwa kama asilimia 0.6. Hapo watu wazima hawatasikia kitu, ingawa nchi nyingi zimeweka asilimia 0.5 kuwa kikomo cha mfanyakazi anayeshinda humo saa nane kwa siku.

Lakini tumekwisha kusema kwamba haichanganyiki sawasawa. Inalala chini. Tuseme imelala katika nusu mita ya chini, kimo cha goti la mtu mzima. Sehemu hiyo ya ukumbi ina mita za ujazo 100 tu. Basi hewa ile ile ya kilo 10 inakuwa asilimia tano. Na wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba kuanzia asilimia nne mahali pamekuwa pa hatari kwa maisha ya mtu. Hewa safi ya nje ina asilimia 0.04 tu. Kwa hiyo bwana harusi anapumua hewa ya kawaida juu kule, na mtoto aliyelala miguuni pake anapumua hewa ya namna nyingine kabisa. Ukumbi mmoja, sherehe moja, hewa mbili.

Wengine hudhani kuwa hewa ya ukaa hudhuru tu kwa kuifukuza oksijeni. Sivyo. Yenyewe ikizidi mwilini hutibua damu na kupumbaza akili. Kwanza mtu anahema haraka, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma. Kisha anapata kizunguzungu na usingizi, maneno yanamchanganya, nguvu za miguu zinamwisha. Ikifika asilimia 10 anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache tu. Na usidhani utajiokoa kwa kuwasha mshumaa na kuutazama. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu amekwisha anza kudhurika.

Nani basi aliye katika hatari? Wa kwanza ni mtoto, kwa sababu ya kimo chake na michezo yake. Wa pili ni mwigizaji aliyepewa nafasi ya maiti au mgonjwa. Analala jukwaani tuli, wingu linampitia usoni, naye hawezi kuinuka kwa kuwa mchezo haujafika huko. Wa tatu ni wapiga muziki wanaokaa chini ya jukwaa, maana wingu likifika ukingoni linawamwagikia kama maporomoko ya maji. Wa nne ni fundi mwenyewe, anayejificha na pipa lake nyuma ya mapazia au ndani ya jukwaa, mahali pasipopitisha upepo. Huyu anapumua hewa hiyo kila wiki, na hakuna anayemwuliza kichwa kinaumaje.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi Februari 2020, mjini Moscow, watu walifanya sherehe ya kuzaliwa kwenye bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo. Ili kupendezesha, wakamwaga kilo 25 hivi za barafu kavu bwawani. Wingu likatanda juu ya maji, na watu wakajitosa wakicheka. Watu watatu walikufa. Na mwezi Julai 2018, katika jimbo la Washington, Marekani, wanawake wawili walipanda gari ambalo ndani yake kulikuwa na makasha ya barafu kavu ya kuhifadhia askirimu. Makasha yalikuwa yamevuja hewa usiku kucha na vioo vimefungwa. Mmoja alikufa, mwenzake alikutwa amezirai. Hawakuwa na jukwaa wala dansi. Walikuwa safarini tu.

Kuna na hatari ya pili, nayo ni baridi yenyewe. Nyuzi 78 chini ya sifuri si baridi ya jokofu. Barafu kavu ikishikwa kwa mkono mtupu hunata kwenye ngozi na kuunguza kama kaa la moto, malengelenge na yote. Ikiingia mdomoni ni balaa. Mwezi Machi 2024, katika mji wa Gurugram, India, wateja watano wa mkahawa mmoja walipewa barafu kavu baada ya chakula wakidhani ni kitu cha kuburudisha kinywa. Walitapika damu, wakakimbizwa hospitali. Basi tujiulize, vipande vinavyobaki karibu na pipa baada ya dansi huwa vinaokotwa na nani? Mtoto akiona barafu ataiweka wapi kama si mdomoni?

Hatari ya tatu ni mlipuko. Hewa ile ikitiwa kwenye chombo kilichofungwa kabisa haina pa kutokea. Inajaa, inasukuma, na mwisho inakipasua chombo. Vijana wengine hutia kipande kwenye chupa ya maji na kukaza kifuniko ili wasikie mlio. Mlio watausikia, lakini vipande vya chupa havichagui jicho la nani.

Je, nasema tuache? Hapana, ndugu zangu. Majukwaa ya dunia hii yametumia barafu kavu miaka na miaka, na watu wamerudi nyumbani salama, kwa kuwa walioishika walijua wanashika nini. Wingu lile ni zuri, na harusi ni furaha. Ninachokataa ni kuuza uzuri huo bila maelezo. Basi sikilizeni, hasa ninyi wajumbe wa kamati za harusi, walimu wa maigizo na wenye kumbi.

Kwanza, hesabuni kilo kabla ya kulipa. Mwulizeni fundi atatumia kilo ngapi, ndani ya ukumbi wa ukubwa gani. Asiyeweza kujibu hajui kazi yake. Kwa dansi ya dakika tano, kiasi kidogo kinachotumbukizwa kidogo kidogo kwa kikapu kinatosha. Kikapu kikiinuliwa, wingu linakoma. Anayemwaga gunia zima pipani kwa mara moja hana tena njia ya kulizuia.

Pili, funguani milango na madirisha mara dansi inapokwisha, na wekeni feni za kusukuma hewa ya chini itoke nje. Hapa tujihadhari na kumbi zetu za siku hizi. Zamani ukumbi ulikuwa na madirisha ya wavu na upepo ukipita upande huu hadi ule. Leo tumeziba kila tundu kwa vioo ili viyoyozi vifanye kazi, na viyoyozi vingi vya ukutani hupooza hewa ile ile iliyomo ndani, havileti nyingine. Ukumbi wenye baridi nzuri si lazima uwe na hewa nzuri.

Tatu, watoto wasiingie kwenye wingu. Mshereheshaji, ambaye maneno hayampungukii, ayatumie kuwaambia wazazi wawashike watoto wao mpaka milango ifunguliwe na hewa ibadilike. Awekwe pia mtu mzima wa kusimama pale, maana mtoto hazuiwi kwa tangazo. Na mwigizaji asilazwe sakafuni kwenye wingu. Kama mchezo unataka maiti, maiti na iwekwe juu ya kitanda, kichwa kikiwa juu ya wingu.

Nne, fundi avae glavu nene za ngozi au za kukinga baridi, miwani ya kukinga macho, na atumie koleo. Asifanye kazi peke yake ndani ya jukwaa. Awepo mwenzake anayemwona, na wote wajue kwamba kichwa kikianza kuuma dawa yake ni kutoka nje, si kumeza kidonge na kuendelea.

Tano, barafu kavu ihifadhiwe kwenye kasha la kuzuia joto ambalo kifuniko chake hakibani kabisa, mahali penye upepo na mbali na watoto. Isitiwe kwenye jokofu la nyumbani wala chupa yenye kizibo. Isafirishwe nyuma ya pikapu iliyo wazi. Kama hapana budi iwe ndani ya gari, vioo vyote viteremshwe na gari lisiegeshwe na mzigo ndani. Iliyobaki iachwe nje, mahali pa wazi panapolindwa, mpaka iishe yenyewe. Haitachukua muda mrefu.

Na mtu akianguka je? Muziki uzimwe, milango yote ifunguliwe, na aliyeanguka atolewe haraka kwenye hewa safi. Lakini kama ameangukia shimoni, au chini ya jukwaa, msiwatume watu kumfuata mmoja mmoja. Tumeyasikia mara nyingi ya visima na mashimo ya vyoo: wa kwanza anazama, wa pili anamfuata kumwokoa, wa tatu anamfuata wa pili, na msiba mmoja unakuwa mitatu. Sukumeni hewa safi humo kwanza, na mwiteni mwenye vifaa. Kwa Tanzania namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aliyezirai, hata akiamka, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba alikuwa kwenye hewa ya barafu kavu. Aliyeungua kwa baridi awekwe kwenye maji ya uvuguvugu. Msimsugue, wala msimtie kwenye maji ya moto.

Ndugu wasikilizaji, najua yupo atakayesema, "Tumefanya hivi harusi ngapi, na hakuna aliyekufa." Nami namjibu kwamba hata pale harusini kwetu hakuna aliyekufa. Mama aliinuka kumtafuta mwanawe kwa wakati. Je, angekuwa ametingwa na mazungumzo na mashoga zake? Je, mtoto angekuwa amejilaza upande wa pili wa jukwaa, ambako hakuna aliyekuwa akipita? Bahati ya jana si kinga ya kesho.

Nilirudi kwa yule kijana kabla sijaondoka, nikamweleza haya niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo lililonikaa moyoni. "Mzee, mimi kila nikimaliza kazi usiku kichwa kinaniuma sana. Nilidhani ni kelele za muziki." Kumbe yeye naye alikuwa kama yule mtoto wa harusini, ila kwake hakukuwa na mama wa kuja kumtafuta nyuma ya pazia.

Basi Jumamosi ijayo, ukiliona wingu jeupe linatambaa ukumbini, piga makofi, lakini kabla ya hapo inama kidogo utazame nani yuko humo chini. Kisha nenda kafungue mlango.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.